Waya wa Kurudishia

…na sasa Apolinary amebonyeza, vitufe viwili vya kurekodi kwa mpigo, utepe umeanza kuzunguka nyuma ya kidirisha cha redio kaseti, na mimi nimekwishabana, gumba na kidole cha shahada, waya juu ya waya, hapa ubavuni mwa gitaa ambapo risasi ya kulehemu imebanduka asubuhi hii na nyingine hakuna, wala nyumbani kwetu Nyakasimbi wala madukani Nyaishozi, Apolinary amekwenda mpaka kwa Gharib mwenye duka akaambiwa ngoja nikirudi Bukoba nitakuletea, lakini Gharib anakwenda Bukoba na kaseti hii hii mfukoni, anampelekea ndugu yake mwenye bendi asikilize sauti, aamue kama hili ni gitaa la kweli au ni ubao wa kuchezea watoto, na anaondoka kesho, kwa hiyo hakuna kungoja, Apolinary kanitazama kasema, "Imma, kaa hapa mkekani, bana hivi, usitikisike mpaka upande mzima uishe," nami nikakaa, nikabana, maana nikiachia hata kidogo utaingia mkwaruzo kama bati linaloburutwa, na betri ya gari tuliyoazima haina pumzi ya kurudia mara ya pili… waya wa kurudishia, ndivyo anavyouita mume wangu, umeme ukienda kwa waya mmoja lazima uwe na mwingine wa kurudia, la sivyo hauendi kabisa, na uliokatika ni huo wa kurudia, na mimi ndiye ninayeushika, nimekaa chini ya goti lake kama mtu anayekamuliwa jipu, na yeye juu yangu kwenye kigoda amefumba macho, hedifoni masikioni, hasikii kitu cha dunia hii isipokuwa gitaa lake.

Anaanza na uzi mnene, peke yake, anaupiga mara moja na kuuacha ufe wenyewe, ndivyo walivyokubaliana na Gharib, kwanza sauti tupu, uzi mmoja mmoja, kwa koili ya mbele, hizo zinazonasa sauti chini ya nyuzi, halafu kwa koili ya nyuma, halafu nyimbo, na humu chumbani hakusikiki chochote ila tiki, tiki, kama panzi ndani ya kibiriti, maana gitaa la umeme halina tumbo, ni mvule mzito uliochongwa na kupigwa msasa, sauti yake yote inapita kwenye waya, lakini naijua, jana alinivika hizo hedifoni akapiga uzi huo huo, nikashtuka, ilikuwa kama mtu mzima ameninong'oneza nyuma ya shingo, nene, yenye joto, nikasema hii imetoka wapi, akacheka, akasema imetoka mikononi mwako, alisema hivyo, tukiwa wawili tu alisema hivyo… koili nimesuka mimi, zote mbili, yeye alijaribu akakata waya, akajaribu tena akakata, waya wenyewe mwembamba kuliko unywele, tuliufungua kutoka kwenye transfoma ya redio iliyoungua, vidole vyake vya randa na tupa haviusikii, vyangu vinausikia, tuligeuza baiskeli miguu juu, tukafunga kibao kwenye gurudumu la nyuma, yeye akazungusha pedali polepole na mimi nikauongoza waya, kushoto kulia, kushoto kulia, nimeshikilia pumzi, na katikati yake sumaku za spika iliyopasuka, na mwisho tukaichovya koili kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa ili isipige mluzi, siku nyingi hizo, mgongo ukiniuma, na baadaye kanisani baada ya misa watu walipomzunguka kumuuliza nilimsikia akisema nimezisuka mwenyewe, kazi ngumu ile, nikashika njia ya nyumbani, sikukasirika, au nilikasirika nikadhani ni njaa…

Mama mkwe yuko uani, anageuza buni kwenye jamvi, nasikia kahawa ikikwaruza chini ya mikono yake, shaa, shaa, kuku wanamzengea anawafukuza, na sasa kuna mtu mwingine, viatu kwenye changarawe, anasimama, anakohoa kidogo kabla ya kusalimia, anakohoa hivi, kama baba… baba yangu alikohoa hivyo kila alipofika kwenye mlango wa watu, na baba amekufa, amezikwa kule ng'ambo ya mto Kagera, nilipata habari wakati kaburi limekwishaota majani, kwa hiyo huyu anayekohoa…

"Shikamoo mama. Mimi Harerimana, kaka yake Immaculata."

Kidole changu kimeruka, nimekirudisha, sijui kama umeingia mkwaruzo, nimemtazama Apolinary, hajafumbua macho, haujaingia, Mungu wangu haujaingia, kaka yangu yuko uani, ukuta mmoja wa udongo kati yetu, mara ya mwisho nilimwona barabarani pale Nkwenda mwaka ule watu wetu walipokuwa wanarudi Rwanda, miaka thelathini na ushee wameishi ugenini na mimi nimezaliwa katika ugeni huo, ng'ombe mbele, magodoro juu ya vichwa, mama amefunga redio kwa kitenge mgongoni kama mtoto, baba akaniuliza na wewe, Apolinary akajibu kwa niaba yangu, kasema baba mkwe, sisi tutafuata tukimaliza mavuno, na nilimwamini, nilisimama kando ya barabara mpaka vumbi lao likatua kwenye migomba, halafu zikaja kambi za wakimbizi wapya kutoka kule, maelfu ya watu, njia ikawa ya hofu, mtu wa kwetu hakuthubutu kupita, na tangu kambi zifungwe mwaka jana mwishoni nimekuwa nikihesabu… hapana, sikuhesabu, nilingoja tu, kama mtu anayengoja kuitwa.

Mama mkwe ameitikia marahaba, taratibu, anasema umekonda mwanangu, sikukutambua, na kaka yangu anacheka kidogo, anasema ni safari, amekuja juu ya lori la maharage, wamelala Ngara, lori liko Nyaishozi linashusha, jioni linageuza kurudi Rusumo mpakani, anazungumza Kinyambo kile cha Nkwenda, cha mtoto aliyekulia hapa, hajakisahau, na sasa anauliza, "Dada yangu yupo?" na buni imenyamaza, mikono ya mama mkwe imeacha kukwaruza, na hapa juu Apolinary amefika kwenye uzi wa tatu, tiki, anauacha ufe…

"Hayupo. Amekwenda Chonyonyo, kuna msiba. Atalala huko."

Nipo, mama, nipo hapa, umenipisha mwenyewe mlangoni asubuhi hii na kunisukumia mkeka, umesema kaeni mtulie mimi nitawaangalizia kuku wasipige kelele, nipo… amesema kama anavyosema bei ya ndizi, bila kutetemeka, mwanamke huyu aliyenikanda mgongo kwa maji ya moto siku mimba ya pili ilipotoka, akakaa nami kitandani siku zote zile na kumfukuza kila aliyekuja kuuliza maswali, aliyezika wanawe wawili wakubwa mwaka mmoja kwa ugonjwa ule ule uliokausha nyumba za watu hapa, akabaki na Apolinary na mimi, akaniambia mkiondoka ninyi nitazungumza na kuta, mimi namjua, si mtu mbaya, anaogopa, ameogopa tangu ng'ombe wa baba walipopita kwenye barabara ile, kila gari likisimama huko chini ananyanyua shingo, na siku nilipoambiwa baba amekufa alilia kuliko mimi, sasa naelewa, alilia kwa sababu alijua njia ya kwenda kule imepata sababu nyingine… lakini Chonyonyo, mama, msiba wa nani, umemuua nani huko ili mimi nisiwepo hapa?

Nataka kuinuka na siwezi, nikiinuka waya unaachia, utepe umeshakula uzi wa nne, wa tano, mguu wa kushoto umekufa ganzi chini yangu, jasho linateremka puani na sina mkono wa kulifuta maana mkono wa pili umeshikilia gitaa lisisogee, nimebanwa, nimebana nikabanwa, na uani Harerimana hajaondoka, anasema pole kwa msiba, basi angalau mama mkwe atanifikishia habari, mama yetu macho yanakwisha, jicho moja limekwishafunga, la pili linaona karibu tu, daktari wa Kibungo amesema halitafika mvua zijazo, na kila siku asubuhi anasema nileteeni Immaculata nimtazame, wanamwambia tutakuletea sauti yake kwenye kaseti, watu wanafanya hivyo siku hizi, anakataa, anasema sauti nitaisikia hata nikiwa kipofu, uso ndio nautaka sasa…

Mama… uso wangu umekuwaje, una nini cha kutazamwa, nimekonda, nywele nimefunga kwa kitambaa chenye madoa ya nta, jana nilijiangalia kwenye kioo cha Apolinary cha kunyolea nikaona mikunjo ya mtu anayesoma kitu kidogo karibu na taa, ni koili hizi, ni waya huu, mama angenishika kidevu na kunigeuza mwangani, alifanya hivyo tulipokuwa wadogo, alikuwa anatafuta homa, aliiona kwenye macho kabla ya kugusa paji… na hapa juu Apolinary amegeuza swichi, nimesikia ikigonga, amehamia koili ya nyuma, ile kali, ile ninayoipenda kidogo tu, anaanza tena na uzi mnene, ametabasamu, ameipata, ndiyo sauti anayoitaka, uso wake umekuwa kama wa mtu anayeota, na nampenda akiwa hivyo, ndiyo shida, nampenda hasa akiwa hivyo, amekwenda mbali na kuniacha nashikilia.

Na Harerimana anasema, sasa amepunguza sauti, naikamata nusunusu kati ya tiki na tiki, "Zile salamu nilizompa shemeji… pale dukani kwa Gharib… hazikumfikia?"

Salamu gani? Anasema alipita na lori wakati wa kupanda maharage, dereva hakumpa nafasi ya kupanda mpaka huku, akamkuta shemeji dukani ananunua msasa, akamweleza yote, macho ya mama, kwamba nipelekwe, au niruhusiwe kwenda na lori la safari inayofuata, na shemeji akasema vizuri, nitamwambia leo hii… wakati wa kupanda maharage, nakumbuka siku ya msasa, Apolinary alirudi na msasa na kilo ya sukari, sukari ambayo hatukuwa tumeizungumza, akakoroga chai mwenyewe, akaniletea kikombe nikiwa kwenye baiskeli nimeshika waya, akasema pumzika kidogo mke wangu, nikashangaa, nikafurahi, Mungu anisamehe nilifurahi, nikanywa chai ile tamu na koili ya pili ilikuwa nusu, na yeye akakaa ananitazama mikono, sasa najua alichokuwa anatazama, alikuwa anapima ni siku ngapi bado, alikuwa na habari za mama yangu mdomoni wakati wote ule, alikula nazo chakula cha jioni, akalala nazo, akaamka nazo, akasema tu koili hii ukiimaliza tutakuwa watu, Imma.

Niachie? Naweza kuachia sasa hivi. Vidole viwili tu, nifungue kama mtu anayedondosha punje, na mkwaruzo uingie kaseti nzima, ndugu yake Gharib kule Bukoba akunje uso na kuitupa, betri ife, gitaa lirudi kuwa ubao, na Apolinary afumbue macho aulize kumetokea nini, na mimi nimwambie… ningemwambia nini, na koili ni zangu, siku zile ni zangu, mgongo ni wangu, ile sauti nene yenye joto iliyoninong'oneza nyuma ya shingo ndiyo kitu pekee nilichokitengeneza tangu niolewe kikatoka kizima… siachii, hapana, hiyo sitampa, hata kumwadhibu sitaimwaga.

Na uani mama mkwe amepata jibu, amechelewa lakini amelipata, anasema, "Zilimfikia. Alisema hawezi kuja. Kazi ni nyingi, na amekwishazoea hapa."

"Alisema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Kwa hiyo nimesema. Nimesema na sikuwepo nikisema, kama siku ile Nkwenda, tutafuata tukimaliza mavuno, hiyo nayo niliisema kwa mdomo wa mtu mwingine, na siku ya posa niliisema kwa mdomo wa baba, watu wananisemea vizuri, wananisemea kwa upole, na mimi niko pembeni nimeshika kitu nisikiangushe, sinia, mtoto wa jirani, kamba ya ng'ombe, waya… na nasikia pumzi ya kaka yangu ikitoka, ndefu, viatu vinageuka kwenye changarawe, anasema basi, nitamwambia mama amekataa, na kumwambia mtu anayepofuka kwamba mwanawe amekataa ni… hakumaliza, ameanza kutembea, hatua, hatua nyingine, polepole, kama mtu anayetaka aitwe, na mimi nimekaa nimefunga mdomo kwa nguvu mpaka meno yananiuma, nimefunga mdomo kwa nini? Aliyeniambia nifunge mdomo ni nani? Kasema usitikisike, hakusema usizungumze, juzi tulirekodi kwa maikrofoni ya redio yenyewe, jogoo akawika akaingia, mama mkwe akapiga chafya akaingia, ndipo Apolinary akaunga waya wa gitaa moja kwa moja kwenye redio, akasema sasa hata mvua inyeshe juu ya bati haitaingia, kinachoingia ni kinachopita kwenye waya tu… nimekaa muda wote huu nimeziba kinywa ambacho hakuna aliyekiziba, kaseti hainisikii, mume wangu hanisikii, wa kunisikia ni wawili tu na wote wako uani, mmoja anaondoka. Vidole ndivyo vilivyofungwa. Vidole viwili. Mengine yote nilijifunga mwenyewe, kwa mazoea, kwa adabu, sijui kwa nini, nilidhani ni waya.

"Kaka, sijakataa. Nipo."

Sauti yangu imetoka nzito, ina kikohozi ndani yake, sikuijua. Hatua zimesimama. Kuku wamesimama. Apolinary hajafumbua macho, ameinamisha kichwa upande wa moyo, anaanza wimbo sasa, vidole vyake vinapanda shingo ya gitaa, na vyangu viko pale pale, sikuvisogeza hata kama unywele, waya juu ya waya.

"Immaculata?" Yuko karibu na ukuta, amerudi, nasikia kiganja chake kwenye udongo. "Uko ndani? Toka basi. Acha hicho unachofanya, twende, lori halitatungoja."

Na hilo nalo… ni kaka yangu mkubwa na nimemlilia, lakini hata yeye amefika na kauli ya kuamuru, acha, toka, twende, hajauliza unafanya nini, nacheka, nacheka peke yangu kwenye mkeka na machozi yananidondokea kwenye mkono, kwa nini nimengoja miaka yote niitwe na mtu, huyu akivuta huku na wale wakivuta kule…

"Sitaacha," namwambia, kwa utulivu, kama ninayezungumza na mtu tuliyekaa naye. "Nina kazi mkononi, ni yangu, inakaribia kuisha. Ikiisha nitatoka, nitamweleza mume wangu, halafu tutaondoka mimi na wewe. Nakwenda kwa mama."

Nadhani ameitikia kwa kichwa, ndivyo alivyokuwa. Nitakwenda na lori hilo, nitakaa juu ya magunia, nitamfikishia mama uso huu pamoja na mikunjo yake, anigeuze mwangani anavyotaka, na kurudi au kutorudi nitaamua kule kule nikiwa nimekaa miguuni pake, kwa mdomo wangu, na Apolinary akifumbua macho nitamuuliza jambo moja tu, chai ile ilikuwa ya nini, nimtazame akijibu… simwogopi, ajabu, nilidhani nitamwogopa, naona viatu vyake mbele ya pua yangu, kamba moja imefunguka, na sijisikii kuifunga.

Bado kuna mmoja sijamwambia kitu. Yuko kule kwenye jamvi, hageuzi buni, hafukuzi kuku, namwona bila kumwona, mikono mapajani, uongo wake umelala uani mbele ya mgeni na hana pa kuuficha, na mimi ningeweza kumwacha hivyo hivyo, anastahili, lakini alinikanda mgongo, kwa hiyo namtafutia neno la kumtoa, na neno linalokuja sijawahi kumwambia tangu nilipoingia nyumba hii, miaka yote nimekuwa nikitumwa mimi, lete, peleka, washa, na leo linatoka jepesi kabisa, bila hasira.

"Mama," nasema, "mpe kaka yangu kiti."

Tiki, tiki, tiki, wimbo unakwenda, utepe unazunguka, ganzi imefika pajani, nimebana. Halafu nasikia magoti yake yakilia anaponyanyuka, kandambili zinaburuzika kuelekea jikoni, zinarudi polepole, zimebeba uzito, na kiti cha mbao kinawekwa chini kwenye changarawe, kinasogezwa kidogo kivulini.

"Kaa, baba," anamwambia, na sauti yake ni ya mwanamke mzee. "Anatoka sasa hivi."